Tope la Bibi Povu

Bibi Povu hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani, ila uchafu. Alifua mashuka ya hospitali tangu akiwa msichana mpaka mgongo ulipomwambia basi, na hakuna doa lililowahi kumshinda, liwe la damu, la dawa au la chai ya daktari. Watu walimbandika jina la Povu wakidhani wanamtania. Yeye akalipokea kama cheo.

Alipostaafu, kukaa bure kukamshinda. Alisugua sufuria za jirani bila kuombwa. Alifua mapazia ya jirani mwingine, na huyo jirani aligundua tu alipotaka kulala na kuona taa za barabarani zinamwangalia. Aliyemwokoa ni mjukuu wake, binti aliyekuwa akiishi naye tangu mama yake aende kufanya kazi mbali. Mjukuu huyo walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

"Bibi, kule Uani tunakokwenda baada ya shule wanatafuta mtu wa usafi," Chiriku alimwambia. "Wewe si ndiye malkia wa usafi? Nenda, uwaachie majirani sufuria zao."

Uani ndilo jina ambalo watoto walilipa shirika moja dogo lisilotafuta faida, lililokuwa nyuma ya kiwanda cha zamani cha magunia. Hapo watoto walijifunza sayansi kwa mikono yao wenyewe. Walichimba udongo na kuunusa, walifuata siafu mpaka mlangoni kwao, walipima mvua kwa chupa iliyokatwa shingo. Aliyewaongoza aliitwa Mwalimu Magoti, maana hakuwahi kufundisha akiwa amesimama, na kila suruali yake ilikuwa na madoa mawili ya kijani magotini. Bibi Povu alipoyaona madoa yale siku ya kwanza, vidole vilimwasha.

Mwalimu alimwonyesha vyumba, choo na stoo ya koleo na ndoo, kisha akamweleza utaratibu wa pale. "Mama, mtoto akikuuliza kitu hapa, usimpe jibu. Mwambie muangalie pamoja kwanza." Bibi Povu aliitikia kwa kichwa, huku moyoni akisema huyu bwana hajui majibu, anajificha tu.

Jambo ambalo mwalimu hakumweleza ni habari ya hodhi. Lilikuwa hodhi la saruji pembeni mwa ua, limefunikwa wavu mwembamba, na kwa mwalimu lilikuwa ndilo darasa kuu. Hakufikiria kwamba linahitaji maelezo. Alisahau kwamba duniani wapo watu ambao kwao maji ya kijani ni maji ya kijani, hakuna zaidi.

Wiki ambayo wazazi walikuwa wamealikwa kuja Jumamosi, mwalimu alitoka asubuhi moja kwenda kutembelea shule za jirani. Bibi Povu akabaki peke yake na hodhi. Akaliangalia. Maji yalikuwa na utelezi, chini kulikuwa na tope jeusi lenye harufu ya yai bovu. Wageni wakija wakute aibu hii, watamsema nani? Akakunja mikono. Maji akayachota na kuyamwaga mtaroni. Tope akalikomba kwa koleo na kulirundika nyuma, kwenye ukuta unaopigwa na jua. Kisha ikaja sabuni, ikaja brashi, ikaja dawa ya kung'arishia mashuka. Alipomaliza akajaza maji ya bomba, meupe, ungeweza kuona sarafu chini. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akalitazama hodhi kwa furaha kabisa.

Chiriku alikuja mbio kutoka shule, begi likimpiga mgongoni. Akafika kwenye hodhi akasimama.

"Bibi, wako wapi?"

"Akina nani?"

"Wangu."

Wake walikuwa viroboto wa maji, vijidudu vidogo kama chembe za chumvi. Chiriku na wenzake walikuwa wakiwatunza tangu mvua za mwanzo, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuwaonyesha wazazi. Alijua wanapenda kona ipi, alijua ni lini wanabeba mayai. Bibi Povu aliposikia hayo, akautazama mtaro mkavu.

Chiriku hakulia wala hakugomba. Alinyamaza, na hilo ndilo lililokuwa baya. Nyumbani alikula, akaosha sahani yake, akalala akiuelekea ukuta. Akiulizwa alijibu "ndiyo" na "hapana", basi. Njiani alitangulia mbele kama anayetembea na mtu asiyemjua. Bibi Povu alikuwa radhi atukanwe. Mtoto huyu ndiye mtu pekee aliyebaki kwenye nyumba yake, na alimwona anaondoka huku bado yupo.

Akamwendea mwalimu. "Niambie ukweli. Nimewaua wote?"

"Sijui, mama. Tutaangalia."

"Usinifanye mtoto mimi! Nakuuliza kama mtu mzima."

"Nami nakujibu kama mtu mzima," mwalimu akasema. "Sijui. Naogopa, lakini sijui."

Jumamosi wazazi wakaja, wakaonyeshwa siafu na chupa ya mvua. Walipofika kwenye hodhi, Bibi Povu alijitokeza mwenyewe mbele ya watu. "Humu mlikuwa na viumbe vya watoto hawa. Mimi nilivitoa nikidhani ni uchafu. Mwalimu hana kosa." Maji yakimwagika hayazoleki, alijua. Alisubiri watoto wamzomee.

Watoto wale walikuwa wamelelewa vingine. Walimzunguka wakaanza kumuuliza maswali. Sabuni gani, Bibi? Ulianza na sabuni au ulianza na koleo? Konokono nao ulikuwa umewaona? Alijibu yote, jasho likimtoka. Ndipo sauti moja ikatoka nyuma yao, sauti aliyokuwa ameililia kwa siku kadhaa.

"Bibi. Lile tope ulilipeleka wapi?"

Akawapeleka ukutani. Tope lilikuwa limekauka na kupasuka vipande vipande, gumu kama ukoko wa chungu. Chiriku akaokota kipande, akakigeuzageuza. Akasema tope lilitoka kabla ya sabuni kuingia, kwa hiyo sabuni haikuligusa. Wakatia vipande kwenye ndoo yenye maji ya mvua. Bibi Povu hakutaka kuwavunja moyo, lakini alijua kukauka ni nini. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kukausha.

Hata hivyo ndoo ile akailinda. Aliifunika wavu, akaisogeza kivulini jua lilipohama, akafukuza paka. Maji yalipoanza kuwa ya kijani, ilibidi ashike mikono yake isiifuate brashi. Yalipoanza kunuka, alienda kufagia mbele ya geti ambapo palikuwa pamefagiwa tayari.

Alasiri moja akiwa anafuta madirisha, alihisi mtu anamvuta mkono wa gauni. Ni Chiriku. Alimvuta mpaka mezani penye hadubini, akamsukuma taratibu akae.

Mwanzoni Bibi Povu aliona kope zake mwenyewe. Halafu ukungu ukatulia, na pale, ndani ya tone moja, kiumbe kilikuwa kinaogelea. Mwili wake ulionekana mpaka ndani kama kioo. Kilikuwa na jicho moja jeusi, na mikono yenye matawi iliyokuwa ikipiga maji. Na mgongoni, ndani kabisa, kitu kidogo kilikuwa kinadunda bila kupumzika.

"Kile kinachodunda ni nini?"

Hakuna aliyemjibu. Akaendelea kuangalia. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kifuani.

"Ni moyo," akasema. "Mungu wangu. Ni moyo."

Mwalimu Magoti, akiwa amepiga magoti kama kawaida yake, sasa ndipo alipoeleza. Mama za viroboto hawa wakiona hali inaharibika, hutaga mayai yenye ganda gumu, yanayozama kwenye tope na kusubiri. Yanaweza kukauka, yakakaa hata miaka, mpaka maji yarudi. Bibi Povu alisikia nusu tu. Miaka yote amefua damu za watu na hakuwahi kuuona moyo ukipiga. Kumbe uliweza kutoka kwenye tope, kwenye kile alichokitupa kwa koleo bila kukiangalia mara mbili. Alihofu, akafurahi, akaona haya, vyote kwa pamoja.

Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kuchoka.

"Bibi, zamu yetu!"

"Bibi, umeganda hapo?"

"Mwacheni," Chiriku akasema, akisimama kati yao na kiti. "Mwacheni bibi yangu, bado anaangalia."

Ukweli ni kwamba Bibi Povu alikuwa haoni tena chochote. Machozi yalikuwa yamejaa kwenye kioo. Lakini hakuliondoa jicho.