Bundi wa Kanisani Hawaondoki

Bundi walihamia kanisani kwetu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka bila kuomba ruhusa kwa mtu, na kwa hilo tu nikawapenda. Jike alitagia juu ya ukuta, kwenye upenyo kati ya tofali na mabati, akaangua makinda watatu wenye sura za wazee waliokosa usingizi. Kila kwaya ilipoanza kuimba, nao walijibu: shhhhh! Nikasema hao ndio wasikilizaji pekee wasiotudanganya. Mama yangu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alinizaba kofi la mgongo.

Pasta hakuona cha kuchekesha. "Ile ndege ni ya bulozi, ni ya bachawi," alitangaza. "Jumapili, ibada ikiisha, bijana balete ngazi na fimbo."

Nikampigia simu aje awaokoe afisa wa wanyamapori wa Lilongwe, mama mmoja tuliyemtembelea na klabu ya shule. Siku ya ziara ile alikuwa akimlisha bundi aliyevunjika bawa, naye amejifunika uso kwa kitambaa ili ndege asizoee sura ya mtu. Nilimuuliza kama shida ni watu wote au ni sura yake tu. Alicheka mpaka kitambaa kikadondoka, akanipa namba yake.

Jumapili alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mlangoni pa kanisa, vumbi mpaka kwenye nyusi, darubini shingoni. Nikatafuta sanduku nyuma ya baiskeli. Hakuna.

"Utawabeba na nini?" nikamuuliza.

"Siwabebi. Mama yao anawalisha vizuri kuliko mimi. Wakishaota manyoya wataruka wenyewe. Mpaka hapo wabaki."

Mimi nilidhani kuokoa ni kuchukua na kuondoka. Kumbe kwake kuokoa ni kuwaacha palepale, na yeye jioni anarudi zake Lilongwe. Atakayebaki na vijana na fimbo zao ni mimi.

Baada ya ibada alisimama akaongea Chichewa, mimi nikitafsiri. Alisema kwa kifupi tu: bundi wanakula panya, tafadhali msiwaguse.

"Anasema hivi," nikapaza sauti, "mwenye atabagusa, panya bote ba Dzaleka batahamia kwake, baanzie kwa unga!"

Watu wakacheka, maana wengi Chichewa wanaijua na walisikia hakusema hivyo. Afisa akanikazia macho: "Zikomo, asante, lakini tafsiri nilichosema mimi."

Pasta akaita ngazi.

Basi nikabeba kiti cha Pasta, kile chenye kitambaa cheupe cha kufuma, nikakiweka chini ya kiota kabisa, nikakikalia. Bundi mmoja akanibariki begani, pwaa!

"We mutoto, toka kwa kiti yangu!"

"Nitatoka, Pasta. Bakisharuka."

"Unatetea bulozi ndani ya kanisa?"

"Natetea bakimbizi, Pasta. Nyumba si yao, batoto bangali badogo, na bantu banakuja na fimbo kubafukuza. Nani hapa hajui ile?"

Vijana walisimama na ngazi yao kama watu waliosahau walikuwa wanaipeleka wapi. Kisha mama yangu akainuka, nikajikunyata kusubiri kofi. Akanipita. Alifungua kitenge chake cha juu, akawanyang'anya vijana ngazi, akapanda mwenyewe, akakifunga kwenye boriti chini ya kiota kama machela.

"Mavi haitaanguka tena," alisema akishuka. "Sasa tuimbe."

"Na kiti yangu?" Pasta akauliza.

"Kiti iko na mutu, Pasta. Si unaona?"

Tangu siku hiyo Pasta anahubiri akiwa amesimama, na hotuba zimekuwa fupi, na hakuna aliyenishukuru kwa hilo. Ngazi ingali imeegemezwa ukutani nje, vijana wameiacha makusudi niione. Naiona. Kila nikitoka shule naja kukaa kwenye kiti kile na daftari la hesabu, juu yangu makinda wanapigapiga mabawa yenye manyoya nusu.

Jana afisa alipiga simu. "Bado wapo?"

"Bado tupo," nikamjibu.