Shimo la Spea

Mtu akinipa lifti siku hizi, kabla sijakaa namwomba anifungulie buti. Wengine wanacheka, wengine wananiona mzee mkorofi. Sijali. Nafunua zulia, nafunua ubao, naangalia spea imelalaje. Nikikuta viazi, viatu vya mtoto, chupa ya mafuta ya kula imevuja, na jeki inagaagaa humo bila kufungwa, nafunga buti hapo hapo. Mfyuu! Naenda kwa miguu, ninayo.

Fundi aliyenifundisha udereva pale Musoma, miaka michache baada ya Uhuru, alikuwa mtu wa maneno machache na mwepesi wa kofi. Spea, alisema, inalazwa ili mdomo wa kutilia upepo uwe juu, uupime bila kuinyanyua. Parafujo ya katikati inakazwa kwa mkono mpaka ikatae. Jeki inakunjwa yote, inaingizwa kwenye kishikio chake, halafu unaifungua kidogo mpaka ijibane yenyewe isipige kelele. Mpini na spana unavifunga kwenye gunia kavu. "Kavu!" alikuwa anarudia. Kila Jumamosi unafunua, unafuta, unapima upepo. Ukimdanganya kwamba umepima, anajua. Mpaka leo sijui alikuwaga anajuaje.

Yote hayo niliyajua, tena vizuri. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Baadaye nilipata kazi ya udereva katika ofisi moja ya serikali mjini. Ilikuwa miaka ile ya kuitana ndugu, na ya foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na tairi ndiyo usiseme. Ofisi ilikuwa na magari matano na spea moja. Nyingine ziliyeyuka, na ukitaka kujua zilikoyeyukia ungeangalia tu miguu ya watu wa mtaa wa Nyasho, walivyopendeza na makatambuga mapya ya tairi. Afisa usafiri wetu alijua, sisi madereva tulijua, mkaguzi ndiye hakutakiwa kujua.

Basi siku ya ukaguzi magari yalipangwa mstari. Mkaguzi akishaangalia buti la gari la kwanza, afisa anamshika mkono, anampeleka mbele kumwonyesha injini ya gari la pili. Huku nyuma tunachomoa spea na jeki, tunazungukia nyuma ya stoo, tunavitia kwenye buti linalofuata kabla boneti haijafungwa. Spea ile ile, yenye kiraka kile kile ubavuni, ilikaguliwa mara tano, na mara tano mkaguzi akaandika "ipo". Tulipokuwa tunakunywa chai baadaye tulicheka mpaka machozi. Mimi ndiye niliyekuwa nasifiwa, maana hakuna aliyenishinda kukimbia na tairi. Nikikumbuka kicheko changu kile natamani kujitemea mate.

Gari langu lilikuwa stesheni wagoni nyeupe. Spea yake ilitakiwa ikae kwenye shimo chini ya sakafu ya nyuma, na juu yake kuna mfuniko wa bati. Shimo sasa lilikuwa tupu. Afisa akaliona. "Ndugu dereva," akaniambia, "nafasi yote hiyo inakaa bure?" Kuanzia hapo kila nikipangiwa safari ya Butiama tunapitia kwanza ufukweni, namshindilia humo gunia la mumi, samaki wale wenye masharubu na utelezi, kwa biashara yake binafsi. Maji ya samaki yalibaki shimoni. Sikuyaosha. Nilisema moyoni, samaki wa bosi, uvundo wa bosi, aoshe bosi. Nikawa nafunika mfuniko, natandika turubai juu.

Halafu ikatokea wiki ambayo safari ya Butiama iliahirishwa samaki wakiwa wameshapakiwa, na gunia likabaki humo siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nikaitwa hospitali kwa haraka. Karani wetu mmoja, kijana mpole, alikuwa amefariki jana yake kwa homa, na gari la kumpeleka kwao, kijijini mbele ya Bunda, lilikuwa langu. Nilikuta jeneza limeshapigiliwa misumari, watu wamelibeba wananisubiri. Afisa usafiri alikuwepo, ameinamisha kichwa kwa huzuni utafikiri kafiwa yeye. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Huko chini usifungue mbele za watu."

"Sawa, mzee," nikajibu. Ndivyo nilivyokuwa.

Tulilaza kiti cha nyuma, jeneza likaingia, likakaa juu ya turubai. Mama wa marehemu akajibana ubavuni mwa jeneza pamoja na mfanyakazi mwenzetu mmoja. Mbele nilikaa na baba mdogo wa marehemu. Tukaondoka.

Jua lilipopata nguvu, bati likapata moto, na harufu ikaanza. Kwanza kidogo. Halafu ikaja yote, nzito, ya kukaa kooni. Mwenzetu akageukia dirishani. Mama mwenyewe ndiye aliyeanza kusema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa wageni:

"Jamani, mnisamehe. Mwanangu ameanza kuharibika."

"Usiseme hivyo, shemeji," baba mdogo akamjibu, lakini mkono wake ulikuwa unashusha kioo. Tulikwenda kama maili tatu hivi. Kisha akasema, "Shemeji, tuambizane ukweli. Kwa hali hii hawezi kuingia ndani. Tukifika tunampitiliza kaburini."

"Asilale nyumbani kwake hata usiku mmoja?"

"Unataka watu wamkumbuke kwa harufu?"

"Na mimi sitamwona? Nilimkuta wameshapigilia. Nilisema nitamwona nyumbani."

Baba mdogo akashusha kioo mpaka mwisho. Nilimtazama yule mama kwenye kioo. Alivua kitenge cha begani, akaanza kukishindilia kwenye ufa wa ubao wa jeneza kwa vidole, polepole, kama anamziba mtoto asipigwe na baridi. Alikuwa anaificha harufu ya mwanawe tusiisikie.

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Mama, si mwanao, ni mumi wa bosi. Basi, yalikuwa hayo tu. Lakini wangeuliza samaki wanafanya nini kwenye shimo la spea, na spea yenyewe iko wapi, na afisa angejua nimesema, na kazi ilikuwa tamu. Nikakaza macho barabarani. Tena nikafanya zaidi ya hapo. Nilitoa leso, nikaziba pua. Mimi, niliyewashindilia wale samaki kwa mikono yangu miwili, niliziba pua mbele ya mama wa watu!

Tulipopita kidogo njia panda ya Butiama, gurudumu la nyuma likapasuka, gari likayumba, likasimama pembeni mwa shamba la pamba.

"Dereva, spea ipo?" baba mdogo akauliza.

"Ipo, mzee."

Ulimi ulikuwa umezoea. Nilijua haipo, nilijua iko kwenye gari la mwenzangu, na bado nikasema ipo.

"Iko wapi?"

"Chini ya jeneza."

"Msimweke chini," mama akasema. "Kwetu mtu akishaanza safari ya kwao haguswi na ardhi ya njiani. Mbebeni."

Wanaume wawili waliokuwa wanachuma pamba waliacha magunia yao wakaja kutusaidia. Wakawa wanne pamoja na baba mdogo na mwenzetu, jeneza mikononi, wamesimama juani wananingoja. Nami nikakunja turubai. Nikalikunja vizuri, kona kwa kona, kama nimeajiriwa kukunja maturubai. Nilikuwa natafuta neno la kusema na sikulipata. Nikashika mfuniko, nikauachia.

"Fungua, wewe! Mikono inatukatika!"

Nikafungua.

Gunia lilikuwa limepasuka. Mumi walikuwa wamevimba matumbo, wengine wamepasuka pia, na mabuu yanachemka juu yao, meupe, manene. Chini kulikuwa na maji meusi yenye utando wa mafuta. Kishikio cha jeki kimeliwa na kutu mpaka kimeachana na bati. Mchuma pamba mmoja akageuza uso kutapika, jeneza likainama, mama akapiga yowe, wakalinyanyua tena. Tairi hakuna. Jeki hakuna. Baba mdogo alinitukana matusi ambayo nilikuwa nayastahili yote, kwa Kiswahili na kwa lugha yao.

Mama hakutukana. Alikuja akainama juu ya lile shimo, akatazama, akanusa, akarudi nyuma ghafla. Kisha akaenda mbio kwenye jeneza. Akachomoa kitenge kwenye ufa. Akaweka pua ubaoni, akaipitisha kuanzia kichwani mpaka miguuni, wale wanaume wamemshikilia mwanawe hewani.

"Hanuki," akasema. Akainua uso. "Mwanangu hanuki! Shemeji, njoo unuse!"

"Shemeji, watu wanatuangalia."

"Nusa!" Alimshika shingo akaisukumia pua yake kwenye mbao. Baba mdogo akanusa. Akanusa tena.

"Kweli," akasema taratibu. "Ni mbao tu na dawa ya hospitali."

"Basi ataingia ndani. Atalala kwake. Nitamwona!" Yule mama alipiga makofi mara moja, huku machozi yanamtiririka, akasema "Asante Yesu" mpaka sauti ikamkauka.

Haikupita muda lori lililobeba pamba likatokea, likielekea Bunda. Dereva wake alisimama, na aliposikia kuna maiti akashuka kufungua ubao wa nyuma. Jeneza likapandishwa juu ya magunia ya pamba, safi, kwenye upepo, na wenzangu wakapanda. Mimi nilibaki na gari langu, nzi wameshaanza kuingia.

Mama akawa wa mwisho kupanda. Alikuwa ameshashika ubao wa lori, akauachia, akarudi mpaka nilipo. Nilijua sasa yanakuja. Akanishika mkono, ule niliofungulia mfuniko, ukiwa bado na utelezi.

"Pole, baba," akaniambia. "Wamekufichia uchafu wao kwenye gari lako. Najua hukujua. Ungejua, ungeniambia."

"Ndiyo, mama," nikasema.