Shimizi ya Shangazi

Nikisikia harufu ya mafuta ya shea, mapaja yangu huwaka. Shangazi alikuwa nayo njiani tukitoka Adumi kwenda Arua, mimi nikiendesha baiskeli, yeye akikaa nyuma; kiti kilipokwisha kunichubua, tulisimama akanipaka. Kisha akaingia vichakani, akatoka na shimizi yake mkononi, akaikunja na kuifunga juu ya kiti kwa mpira.

"Kalia. Sasa iko nauma?"

Haikuuma. Lakini tulipofika sokoni Arua lesi ilikuwa ikining'inia, na wavulana wa darasa langu wakacheka. Nikashuka haraka, nikaifunika kwa viganja.

Nilipoinua macho, shangazi alikuwa mbele yangu, jua likipenya gauni lake jepesi, miguu yote ikionekana. Wanawake waligeuza nyuso.

Akanigeukia. "Mapaja iko sawa?"