Ndege ya Vita Yenye Viti Vitano

Ndege ya vita, ile ndogo ya kupigana angani, ina kiti kimoja. Kimoja tu! Nimelisema neno hili mpaka mate yakanikauka, na hata leo, mzee mzima, mtu akinitajia ndege yetu ya Ruangwa nasikia damu inanipanda kichwani. Watu wanaikumbuka wanacheka. Wacheke tu, wao hawakuwa na mama yangu nyumbani.

Nilirudi kutoka vita vya Bama, vile vya kupigana na Wajapani, bila kaka yangu. Tuliondoka kijijini kwetu Narung'ombe pamoja, tukaandikwa jeshini pamoja, tukapangwa kikosi kimoja cha kubeba mizigo. Asubuhi moja tulikuwa ukingoni mwa mto tunashusha magunia ya mchele. Ndege ya Wajapani ikatokea upande wa jua, chini chini, nikaona duara jekundu kwenye bawa, nikasikia bombomu, bunduki yake ya rasharasha, inalia ta-ta-ta-ta, kisha ikaenda zake. Hata kukimbia hatukuwahi. Kaka alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia, na jioni tukamzika kule kule.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Sasa niambie ukweli."

Ukweli gani tena, jamani? Mama hakukubali kwamba kitu kinachopita juu kinaweza kumuua mtu aliye chini. Kama ni simba angekubali, kama ni homa angekubali, hata uchawi. Wakati huo Wazungu walikuwa wameanza kulima karanga Nachingwea, wamefyeka pori na kutengeneza uwanja wa ndege, nami nilikuwa nimepata kazi ya useremala kambini. Nikasema nimlete aone ndege kwa macho yake. Loo, nikaharibu kabisa! Tulisimama juani hadi kikatua kindege cheupe. Akashuka mama wa Kizungu na kikapu, nyuma yake mbwa.

"Hiki ndicho kilichomuua mwanangu?" mama akaniuliza. "Kina mbwa ndani."

"Mama, ile ilikuwa ya vita. Hii ni ya barua na abiria."

"Ndege ni ndege," akasema, akageuka kwenda zake.

Basi matanga ya kaka hayakuanuliwa. Kwetu mtu akifa watu wanakaa msibani, halafu ndugu wanapanga siku, inasomwa hitima, watu wanakula, matanga yanaanuliwa na mfiwa anarudi kuishi na watu. Mama alikataa katakata. Kila baba zangu wadogo walipokuja kupanga siku aliwauliza, "Matanga ya nani? Mwanangu hajafa, amepotea njia." Hakwenda harusini, hakwenda ngomani, na kila lori lilipopita alitoka mbio kuangalia nani anashuka. Alikuwa anakonda. Iliniuma, na kusema kweli ilinikera pia, maana mimi niliyemzika kaka kwa mikono yangu nilikuwa naonekana mwongo ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Sasa, Ruangwa tulikuwa na ngoma ya beni. Beni ni ngoma ya gwaride: matarumbeta, kofia, fimbo za kijeshi, na kila mkubwa ana cheo chake. Mkubwa wa wote tulimwita Kingi, mkulima wa korosho mwenye tumbo lake. Kulikuwa na Kanali, na Bibi Nesi wa kuwahudumia wachezaji. Kila baada ya mavuno tulishindana na wenzetu wa Mandawa. Mwaka uliotangulia, Mandawa walikuja na manowari ya mianzi inayotoa moshi, wakatuaibisha vibaya. Kingi hakulala usingizi mzuri tangu siku hiyo, akaja kunitafuta.

"Fundi," akaniambia, "wewe umeiona ndege ya vita kwa macho yako. Tuundie ya kwetu, ukubwa ule ule."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mandawa walikuwa hawanihusu. Nilikuwa namfikiria mama. Nikaenda moja kwa moja Narung'ombe nikamwambia, "Mama, naiunda ile ndege. Ile ile, kama nilivyoiona. Utakuja Ruangwa uitazame, halafu utaniambia kama haiwezi kuua." Akasema, "Nitakuja. Nikiona inaua, waite baba zako wadogo wapange siku." Nilitoka pale nusura niruke.

Karanga zilikuwa zimeanza kuwashinda Wazungu, matrekta mabovu yamejaa kila mahali, na mabati ya masanduku ya vipuri yalikuwa hayana mwenyewe. Nikayapeleka Ruangwa kwa lori. Nikasuka kiunzi cha mianzi, nikakivika mabati, nikachonga pangaboi la mbele kwa mninga, nikapaka duara jekundu kila bawa. Ndani kiti kimoja, chembamba, cha mtu mmoja aliyekuja kuua na kuondoka. Nikawaambia wenzangu msiiguse, narudi kazini Nachingwea, tutaonana Jumamosi.

Jumamosi nikakuta ina viti viwili.

"Nani kafanya hivi?"

"Kingi atakaa wapi?" Kanali akanijibu, bila hata aibu. "Unataka Kingi atembee kwa miguu na rubani amepanda?"

Nikang'oa kile kiti. Jumamosi iliyofuata nikakuta vitano! Kingi, Kanali, rubani, mpiga tarumbeta, na Bibi Nesi. Kila mwenye cheo alikuwa amekuja na kiti chake, maana kwenye beni hakuna mkubwa anayeachwa chini mwenzake akiwa juu. Ile desturi naijua, na siku hiyo nilitamani kuitia moto. Ndege ilikuwa imerefushwa tumboni, imefungwa pazia la maua. Nikamwambia Kingi, "Hii siyo ndege ya vita, hii ni basi!"

"Fundi, punguza hasira," akasema kwa upole wake ule unaotia wazimu. "Nani hapa atajua?"

"Mimi nitajua! Na kuna mtu anakuja kuitazama."

"Basi atafurahi."

Halafu zikaja habari kwamba Mandawa nao wanaunda ndege, na ya kwao ina mabawa mawili kila upande. Nani aliyewaona? Hakuna. Lakini nilipofika Jumamosi, ya kwetu ilikuwa na matatu kila upande, na mkia wa pili, eti isipungukiwe. Maduara mekundu hayapo. Bibi Nesi alikuwa ameyageuza kuwa misalaba ya hospitali. Nikauliza maduara yangu yako wapi, akanikata jicho. "Fundi, hii ndege ni yetu. Utaipakaje alama ya adui? Itampiga nani, watu wetu?"

Yaani walikuwa na akili zao, na hilo ndilo lililoniua zaidi. Kwao kila kiraka kilikuwa na sababu. Niligombana nao mpaka sauti ikakauka, nikatishia kuondoka na mabati yangu, Kingi akaniambia mabati ni ya ngoma sasa. Nikabaki nimeshika nyundo, machozi ya hasira yananitoka, mtu mzima aliyerudi vitani. Kitu kimoja tu ndicho walichoniachia: bombomu, debe la kokoto lenye mkono wa kuzungushia. Lile lilitoa sauti yenyewe hasa. Nikajiambia, akisikia sauti ile atanielewa.

Siku yenyewe mama alikuja. Nilimtandikia mkeka mbele kabisa, akakaa amejifunga kaniki yake. Mandawa walipita kwanza. Kumbe hawakuwa na ndege wala nini, walikuja na manowari ile ile ya zamani! Nikamtazama Kingi, akajifanya hanioni.

Halafu ikaingia ya kwetu, inasukumwa na vijana, wakubwa watano wamekaa juu, pazia linapepea, mabawa sita yanatikisika. Uwanja ulipasuka kwa vigelegele. Mimi sikumwangalia mtu yeyote ila mama. Bombomu ikalia, ta-ta-ta-ta, na mwili wangu ukasisimka wote. Nikaona mama naye ameshika kifua. Hakucheka. Macho yalikuwa yamemtoka, na nikajua, Mungu wangu, ameielewa.

Mbele ya ndege kundi la vijana waliovaa vitambaa vyekundu wakaanguka chini. Hili sikuambiwa. Kanali alilipanga mimi nikiwa kazini: ndege ipige, maadui waanguke. Mmoja alianguka kifudifudi, karibu kabisa na mkeka wetu, akatulia tuli. Mama akapiga magoti kumtazama, mkono wake ukatangulia kumgusa mgongo. Alikuwa analia kimya kimya. Nikasogea nimshike.

Ndipo Bibi Nesi akashuka kwenye kiti chake. Alikuja na kitambaa cheupe, akimgusa huyu kichwani anaruka juu na kucheza, akimgusa yule anaruka. Watu wanashangilia, matarumbeta yanalia. Akafika kwetu, akamgusa kijana aliyelala mbele ya mama. Kijana akainuka, akajipangusa vumbi magotini, akamchekea mama na meno yake yote, akaingia kwenye mstari.

Mama akanigeukia. Uso wake ulikuwa umekunjuka kabisa, sikuwahi kuuona hivyo tangu nirudi.

"Kumbe inaangusha tu," akasema. "Wameinuka wote."

"Mama, huo ni mchezo!" nikapiga kelele. "Ni ngoma tu, mama, hawa ni watu wa ngoma!"

"Si wewe uliyeiunda? Uliniambia utaunda ile ile."

Nilitaka kumwambia kwamba pale mtoni nilimgeuza kaka, nikamwita jina lake, nikamtingisha mabega, na kwamba hakukuwa na kitambaa cheupe. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu anaupigapiga, kama mtu anayembembeleza mtoto, na Kingi alikuwa anakuja mbio kunibeba mabegani kwa sababu tumeshinda.

Baba zangu wadogo hawakuitwa. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, amenenepa, ana raha, akiwaambia majirani mwanawe ameangushwa na ndege na yuko njiani. Alipofariki tulisoma hitima moja, tukapika chungu kimoja, tukaanua matanga yake na ya kaka siku ile ile.