Kila Alichouliza, Dada Yangu Alijibu Ndiyo

Jamani, dada yangu alibakiza "ndiyo" moja tu ampoteze mwanawe.

Ni hapa hapa Kasongo, mchana kweupe, mvua inanyesha. Na msianze kucheka. Régina ana akili kunizidi, ila mama yetu alikuwa amefariki majuzi, na huzuni ilikuwa imemlegeza.

Mgeni akabisha hodi. Papa Ruphin wa Salamabila, shati safi, sauti ya polepole. Akaketi, akaanza kugonga meza kwa kidole. Ko. Ko. Ko.

"Mvua iko inanyesha, si ndiyo?"

"Ndiyo, papa."

"Uko mu nyumba yako."

"Ndiyo."

"Mama yako walimuzika na kikwembe ya bluu."

Régina akashtuka. Amejuaje kitenge cha maziko?

"Ndiyo."

Kidole hakikuacha. Mwili ukawa mzito, macho yakataka kufumba, akawa anaitikia hata kabla swali halijaisha.

Ndipo yule bwana akabadilisha sauti, eti sasa anaongea marehemu.

"Régina, mwanangu. Mutoto wako Laetitia amebeba mukosi yangu. Mupatie huyu papa, amupeleke Salamabila bamuombee. Utamupatia, si ndiyo?"

Laetitia, miaka sita, alikuwa amesimama mlangoni na viatu miguuni. Aliyemvalisha ni Régina mwenyewe. Mpaka leo hakumbuki.

Mdomo ukafunguka kuitikia. Kisha jina likamkwaza.

*Régina, mwanangu?*

Dada yangu alirithi jina la bibi, mzazi wa mama. Kwetu, mtoto wa namna hiyo ni mzazi wako amerudi. Tangu mchanga, mama hakumwita Régina, wala mwanangu. Alimwita "Mama". Hata akiwa amemkasirikia, ni "Mama, ondoka hapa!"

Hofu ikamwamsha. Akamtega.

"Papa, muulize. Bado ananikasirikia juu ya ile mbuzi niliuzisha?"

Ko. Ko. "Hapana, mwanangu. Nilishakusamehe."

Hatujawahi kufuga mbuzi hata mmoja.

Régina akamnyakua mtoto, akapiga kelele mpaka nikatoka mbio nyumba ya pili. Ruphin hakukimbia. Alichukua kofia yake, akatoka akitabasamu.

Nje pikipiki ilikuwa inanguruma. Aliyekalia nyuma ni Emmanuella, mteja mmoja aliyeshinda wiki nzima sokoni, kwenye meza ambapo Régina anauza sombe, yaani kisamvu, akimpangusa machozi na kumsikiliza habari za msiba. Kitenge, mtoto, vyote Ruphin alivitoa huko. Jina la "Mama" tu ndilo Emmanuella hakuambiwa, maana nani anasimulia kitu cha kila siku?

Emmanuella alikuwa amepakata mtoto tusiyemjua. Amelala fofofo, mvua inampiga usoni, hashtuki.

Tulikimbiza, matope yakatushinda. Tumetoa taarifa kila mahali. Kimya.

Mtu akikuitikisha ndiyo, ndiyo, ndiyo, mtupie uongo mmoja uone kama ataumeza.

Yule mtoto wa kwenye pikipiki, mama yake hakupata wa kumwambia hivyo. Aliitikia.