Trekta Lilivyonikuta Juu ya Kaburi

Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, nao tuliula huku ghala la shamba la serikali limejaa ngano na sisi hatujaonja hata andazi. Matrekta yalikuwa yameshakula malisho yetu yote hapa Hanang. Lilibaki kaburi la baba mkwe wangu, kichuguu kirefu cha udongo, ambapo tulikuwa tukimwaga maziwa na kuweka majani mabichi. Asubuhi moja nikasikia ngurumo. Nikakimbia na fimbo, mtoto mgongoni, nikapanda juu ya kaburi nikasimama.

Dereva alikuwa mtu wa mbali, ana msalaba shingoni. "Mama, shuka basi, nilime."

"Sishuki. Mwenye mafuta azunguke."

Akaenda kumwita mkuu wa shamba. Huyo akaja na Landrova, soksi kazivuta mpaka magotini! "Mama, mambo ya mizimu yamepitwa na wakati. Hii ni enzi ya mashine. Watoto wako wakisoma watakucheka. Dereva, washa!"

Dereva akawasha. Likakohoa kama mbuzi, likazima. Akashika msalaba wake, midomo ikacheza. Fundi wao, Mwislamu, akafungua boneti: "Bismillahi!" Kimya. Mawingu ya mvua yanajikusanya, mkuu jasho linamtiririka. Mwisho akalipiga lile trekta kofi: "Ee Mungu, liwake!"

Weee! Nilicheka mpaka mtoto akaamka.

"Bwana mkubwa, umemwita nani? Ng'ombe wangu akiugua, naanza na dawa, ndipo namwita Aseeta, Mungu wetu. Ninyi mnamwita wenu hata chai hamjanywa!"

Dereva akainamia usukani kuficha kicheko.

Juzi mjukuu wangu msomi, tukiweka majani mabichi pale pale, aliniambia watu wakiendelea dini hupungua. Ipungue wapi? Kabla ya trekta kuja, kaburi lile lilisikia dua moja, yetu. Siku ile lilisikia dua tatu zaidi, na zote za watu wa mashine!

Basi, injini ikanguruma ghafla, moshi mweusi puu! Mkuu akajipangusa uso, akatabasamu kama aliyeliwasha yeye.

"Umeona, mama? Mungu amejibu. Sasa shuka."

Nikachomeka fimbo yangu udongoni.

"Sishuki. Mwenye mafuta azunguke."