Shavu la Fundi

Fundi wa Nyahanga hapimi chuma cha moto. Akishakikereza kwenye mashine yake ya uani, huinama akakigusa kwa shavu, akafumba macho, akangoja kipoe. Watu humcheka. "Kikipoa kinasinyaa," huwajibu, "na gurudumu lililolegea humtupa mtu porini." Ndiyo maana Donatus, dresa wa zahanati, alimletea yeye gurudumu la pikipiki ya aina nyingine, alichongee bushi, pete ya katikati, ili likubali ekseli ya pikipiki yake. Alileta na kipande cha shaba alichokitafuta Kahama nzima, kingine hakikuwepo.

"Fundi, wagonjwa wananingoja huko vijijini."

"Nawe ngoja. Shaba haijui zahanati."

Mama Maduhu, mkewe fundi, alikuwa akikanyaga pedali ya mashine. Tangu kiharusi cha masika, upande mmoja wa uso wa mumewe ulikuwa umelegea, na chai ilimtiririka kidevuni bila yeye kujua. Hawakuwahi kulizungumza. Fundi akainama, akagusa shaba kwa shavu lile lile la siku zote. "Imepoa," akasema. Akapima, akakata mkato wa mwisho, kisha akageuka kumchekea mkewe. Shavuni palikuwa na alama nyekundu, mviringo kama bushi lenyewe.

Mguu wa Mama Maduhu ukasimama. "Baba Maduhu, umeungua."

Fundi akagusa shaba kwa shavu la pili, akaruka: alikuwa ameikata ingali moto.

"Tayari, fundi?" Donatus akauliza, keshavaa kofia.

Fundi aliinama tena, akalaza shavu lililokufa juu ya shaba, akafumba macho, kama mtu ambaye bado anangoja ipoe.